Nondo Asiye na Masikio

Popo wa kweli akishiba hulala. Popo wa mashine hana tumbo, na asiye na tumbo hajui kushiba. Muthengi aliwaza hivyo kila asubuhi alipokaa kwenye benchi la kituo cha popo, chini ya mlima Ngiluni, akiwafungua popo vinywa mmoja mmoja na kuwasafisha.

Kila popo alikuwa na upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Mabawa yake yalikuwa membamba kama ganda la kitunguu, na kinywa chake kilikuwa wavu. Nyuma ya wavu palikuwa na kibati kidogo ambacho mafundi walikiita ulimi, maana ndicho kilichoonja. Asubuhi hiyo nyavu zilijaa kama kawaida mabawa ya kijivu yenye vumbi, ya nondo wanaozaa viwavijeshi. Hilo halikuwa na ubaya. Ndiyo kazi iliyowaleta popo duniani. Lakini kati ya mabawa ya kijivu yalikuwamo mengine, mapana, ya kahawia, yenye manyoya kama ya mwanambuzi. Hayo Muthengi aliyatoa kwa kibanio na kuyatia kwenye kopo.

"Unayazika?" aliuliza Komora, mkuu wa kituo, akiingia na vikombe viwili vya chai.

"Nayaweka tu."

"Kila siku unayaweka tu. Siku moja hilo kopo litakuomba sanda."

Muthengi alitaka kujibu, lakini mlango ulifunguka bila hodi. Aliyeingia alikuwa dada yake mkubwa, Syokau, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyokwaruzwa na miiba ya migunga. Ndiye aliyewaongoza akina mama wanaofuga nondo wa hariri juu ya mlima. Hakusalimu. Alinyanyua kikapu chake akakipindua juu ya meza, na mabawa ya kahawia yakamwagika mpaka ndani ya vikombe.

"Kunyweni," alisema.

Komora akatazama kikombe chake. Alikuwa mtu wa kandokando ya mto Tana, aliyelelewa kwa adabu. "Mama Syokau, shikamoo kwanza."

"Shikamoo haifufui nondo. Hao ndio waliotoka mapema, wenye kiherehere. Wenzao wote bado wamelala ndani ya vifukofuko wakingoja maji. Mvua ya kwanza ikianguka watatoka pamoja kama watu wanaotoka kanisani. Watapandana, watataga, watakufa. Jioni chache tu, basi, mpaka mwaka mwingine. Mwaka jana popo wenu walikula nusu. Mkiwala na hawa waliobaki, mwaka ujao nitafuga nini? Nzi?"

"Mlima uko kwenye njia ya popo, mama."

"Sikuwa naongea na wewe. Naongea na huyu." Akamgeukia Muthengi. "Mwana wa mama. Wewe ndiye uliyewapandishia sauti."

Ilikuwa kweli, na haikuwa siri. Popo hawa hawakuona. Walipiga ukelele ambao sikio la mtu halisikii, kisha wakasikiliza unavyorudi. Ukelele uliogonga bawa ulirudi na habari zake: ukubwa, kasi, jinsi linavyopiga. Na nondo nao hawakuwa wajinga. Nondo wa viwavijeshi ana masikio kifuani. Akisikia ukelele hukunja mabawa na kuanguka kama jiwe, popo akapita juu akiwa ameuma hewa. Muthengi aliwafundisha popo kupiga mbizi. Kulikuwa pia na nondo mdogo mwenye tumbo jekundu, mchungu kama mwarobaini, ambaye yeye hakukimbia. Alimjibu popo kwa vidoko vya haraka haraka, kama mtu anayesema: nile uone. Popo walimla, ndimi zao zikakataa, na tangu hapo wakisikia vidoko vile hupita mbali.

Nondo wa hariri hakuwa na masikio wala vidoko. Silaha yake ilikuwa manyoya. Ukelele ulizama ndani ya manyoya yale kama maji mchangani, ukarudi kidogo sana, na popo wa zamani walimpita bila kujua kwamba kuna mtu. Kisha amri ikatoka makao makuu kwamba nondo wengi wa viwavijeshi wanaponyoka, popo wapandishiwe sauti. Muthengi akapandisha. Ukelele mkubwa haukumezwa na manyoya.

"Ishushe," alisema Syokau.

"Ikishushwa, viwavijeshi wanarudi," alisema Komora, na safari hii hakutabasamu. "Mama yangu analima kule chini. Ule mwaka wa viwavi, wakati sumu zote zilikuwa zimeshindwa, tulikula mbegu. Unajua kula mbegu ni nini, mama? Ni kuula mwaka ujao."

"Najua," alisema Syokau. "Ndiyo maana niko hapa. Wewe umeshakula wako, sasa popo wanakula wangu."

Akachukua kikapu chake. Mlangoni alimwambia Muthengi bila kugeuka, "Njoo nyumbani na kile ulichokitengeneza. Usidhani sijui."

*

Kile alichokitengeneza kilikuwa ndani ya sanduku la mbao, na alilipandisha mlimani akiwa amelibeba kwapani. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kulala juu ya nyanda, meusi chini, na upepo ulikuwa na harufu ya udongo wa mbali uliokwisha kulowa.

Akina mama walikuwa kwenye nyumba ya nondo, banda refu la nyavu katikati ya migunga. Walikaa kuzunguka mabeseni ya majivu, mikono ndani ya glavu za gunia, wakisugua. Ndivyo kazi ya Ngiluni ilivyoanza siku zote. Kiwavi wa hariri ana nywele zinazowasha kuliko upupu. Hata kwembe, ndege asiyechagua, humwona na kuangalia pengine. Kiwavi akikaribia kulala husuka kifukofuko chake, na nywele zile huzisuka ukutani mwake, ncha nje. Akina mama waliviangua vifukofuko mitini, wakavisugua kwa majivu mpaka vikawa laini kama yai, kisha wakavitundika bandani. Nondo alitoka kwa miguu yake, akaruka zake, na kifukofuko kitupu ndicho kilichochemshwa na kusokotwa uzi. Walijivunia hilo. Kwingine huchemsha nondo akiwa ndani. Hariri ya Ngiluni haikuua mtu.

Mti mmoja tu haukuguswa. Mama yao, alipoanza kazi hii zamani, aliweka mwiko kwamba mgunga ulio nyuma ya banda usianguliwe kamwe, kwa sababu mti ulionyonyesha lazima ubakiziwe watoto. Wenyewe waliuita mti wa mama.

"Fundi amekuja!" alipaza sauti Nthenya, mjane mwenye mdomo kuliko wote. "Amekuja na jeneza la popo au la nondo?"

"La mume wako wa pili," alijibu Muthengi.

"Huyo namsubiri, mletee tu hata akiwa ndani."

Wakacheka. Syokau hakucheka. Alimvuta ndugu yake pembeni na kulifungua sanduku mwenyewe. Ndani mlikuwa na vidude vidogo vya ukubwa wa punje ya harage.

"Vinafanya nini?"

"Vinapiga vidoko. Kama nondo mchungu. Ukivitundika kwenye miti, popo watadhani mlima mzima ni mchungu. Hawatakanyaga."

Uso wa dada yake ulifunguka kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. "Na umevikalia!"

"Nimevikalia kwa sababu hiyo hiyo. Popo hawatakanyaga, sawa. Lakini nondo wa viwavijeshi watakanyaga. Watajua hapa kuna amani. Watajaa kila kichaka, na jioni watashuka kwenye mahindi ya akina Komora, wakimaliza wanarudi huku kupumzika. Tutakuwa tumewafungulia hoteli."

"Huo ni ukelele wa Komora unaotoka kwenye mdomo wako."

"Ni hesabu."

Syokau alinyanyua jani la mlimau lililokuwa karibu, akaligeuza. Juu yake palikuwa na kitu cheupe na cheusi, kama mavi ya ndege. Kilisogea. "Mwangalie huyu. Kiwavi anajifanya kinyesi ili asiliwe. Kule kwenye viazi kuna mwingine anajitunisha shingo na kuonyesha macho ya nyoka. Waongo wote hao, na Mungu amewaumba. Wameenda jehanamu? Mnyonge hana kingine, Muthengi. Uongo ndio ngao yake."

"Huyo anamdanganya ndege anayetaka kumla. Hamdanganyi jirani."

"Jirani ndiye anayetula!"

Akina mama wakageuka na glavu zao. Muthengi alitazama mikono ya dada yake iliyokwaruzwa, akajua kwamba halikuwa shauri la uzi wala la soko. Kila nondo bandani alitokana na mayai ya nondo wa mama yao. Wakiisha hawa, hapakuwa na wengine. Hakuna mtu aliyekuwa ameweka mbegu yao popote.

"Basi waambie popo kwa mdomo," alisema Syokau polepole. "Wewe si fundi wao? Waandikie kichwani: huyu msile."

"Kichwa cha popo kimefungwa. Zamani watu waliandika. Fundi mmoja aliwakataza popo kuingia shamba la adui yake, likaliwa lote. Tangu hapo sheria ni moja, popo hafundishwi na mtu. Anafundishwa na kinywa chake tu. Anachoonja mmoja huwaletea wenzake alfajiri, kiotani, na wengi wakisema ni chakula, ni chakula. Wengi wakisema ni kibaya, wanakiacha wote."

"Kwa hiyo hakuna."

"Sijaona."

"Niachie sanduku."

Hapo ndipo alipokwama. Alijua akiliacha, kabla ya giza vidude vitakuwa mitini. Alijua pia akilichukua atakuwa amempoteza dada yake, na huenda nondo pamoja naye. Alilifunga sanduku. Alilitia kwapani.

"Ukishuka nalo," alisema Syokau, "usipande tena."

Muthengi akashuka nalo.

*

Hakulala vizuri, na asubuhi alipofika kituoni alimkuta Komora ameshika popo mmoja kwa mkia, kama panya aliyenaswa.

"Huyu amerudi kinywa kimekwama. Hakuenda hata kiotani, alianguka mlangoni. Mchakavu?"

"Lete." Muthengi alikuwa ameukasirikia ulimwengu, akasahau kuchukua kibanio. Aliingiza kidole kwenye wavu na kuvuta. Likatoka bawa la kahawia, na nyuma yake bonge la uchafu kama pamba iliyochafuka. Akalisokota kati ya vidole, akalitupa, akachukua popo wa pili.

Ndipo mwasho ulipoanza.

Ulianza kwenye ncha za vidole, ukapanda kiganjani, ukaingia kati ya vidole kama siafu. Alijikuna kwenye suruali. Ukazidi. Na ghafla alikuwa mtoto tena, amekalia tawi la mti aliokatazwa kuupanda, analia, na mama yake yuko chini anacheka huku akichanganya majivu na mafuta ya kupaka.

"Huyu popo alikula wapi?" aliuliza.

Komora akagusa kioo cha ukutani. Njia ya popo ikatokea, mstari wa njano uliozunguka mlima mpaka mahali pamoja, nyuma ya banda la nondo, kisha ukarudi moja kwa moja.

"Mti wa mama," alisema Muthengi. "Ule tusiougusa." Alisimama, kiti kikaanguka. "Ulimi wake ulisema nini? Soma!"

"Kibaya," alisoma Komora. "Kibaya kabisa. Lakini huyu ni mmoja. Wenzake wote walikula nondo wa namna hiyo hiyo wakasema chakula. Hata angefika kiotani, kura yake ingezama."

"Kwa sababu wenzake wamekula nondo waliooshwa!" Muthengi alikuwa anacheka na kujikuna kwa pamoja, na Komora akarudi nyuma hatua moja. "Tunawasugua, Komora! Kila mwaka! Yule nondo anatoka kwenye kifukofuko akiwa amelowa, anapita katikati ya nywele alizozisuka mwenyewe alipokuwa kiwavi, na nywele zinamganda kwenye manyoya. Anatoka amevaa. Manyoya yalimficha, na aliyemwona akamshika, nywele zilimkomesha. Sisi tukaja na majivu yetu, tukamwambia mikono inatuwasha. Tumemvua nguo. Halafu tunalia kwamba popo wamemwona uchi."

Komora aliweka popo mezani taratibu, akafuta mkono wake kwenye shati. "Wakitoka wamevaa, wote?"

"Popo watakwama. Wengi. Wengine wataanguka. Lakini wengi wakisema kibaya..."

"Wote wanamwacha. Yeye peke yake. Na wale wa viwavijeshi wanaendelea kuwala." Mkuu wa kituo alitazama nje, kule mawingu yalikokuwa yamefunika nusu ya mbingu. Kuharibu popo halikuwa jambo dogo. Kulikuwa na watu walioachishwa kazi kwa popo mmoja aliyekanyagwa. "Na nikiulizwa kwa nini nimewaachia waharibike?"

"Utasemaje?"

"Nitasema walikula kibaya, wakajifunza. Si ndiyo sheria?" Akachukua kofia yake. "Twende. Mimi pia nina deni, ile chai yenye mabawa sikuinywa."

*

Syokau alimwona ndugu yake akipanda, akaokota jiwe. Komora akajificha nyuma ya Muthengi bila aibu.

"Sikukuambia usipande?"

"Nimekuja bila sanduku," alisema Muthengi, na akainua mikono yake. Ilikuwa imevimba kama mihogo, myekundu mpaka viwikoni.

Syokau akaitazama. Aliujua mwasho ule kama anavyojua sauti ya mtoto wake. Jiwe likashuka. "Umeupanda mti wa mama? Kwa umri huo?"

"Popo ndiye aliyeupanda."

Akamweleza. Hakuelezea mara mbili. Dada yake alikuwa ameelewa kabla hajamaliza, na mkono wake ulikuwa tayari mdomoni. Aligeuka akatazama banda. Vifukofuko vyote vilikuwa vimening'inia humo, vyeupe, laini, visafi. Kazi ya mwezi mzima.

"Tumeshavisugua vyote," alisema kwa sauti ya kitoto. "Jana tumemaliza, Muthengi. Vyote."

"Nywele mlitupa wapi?"

Nthenya akapiga kicheko kikubwa ambacho kilishuka mpaka kituoni. "Jaani! Nyuma ya banda! Nywele za miaka yote, na majivu yake! Mungu wangu, tumekuwa tukizika silaha!"

"Kwanza niambie kitu kimoja," alisema Syokau, akimkazia ndugu yake macho. "Jana ulikataa uongo. Na huu si uongo?"

"Hapana. Nywele ni zake. Tunamrudishia."

Basi jaa likafukuliwa. Walipepeta majivu kwa ungo, upepo ukageuka, na nywele zikawaingia shingoni, kwapani, kila mahali. Walichokifagia kwa miaka wakaanza kukirudisha kwa mikono yao wenyewe. Walilowesha vifukofuko kwa maji ya utomvu, wakavigaagaza kwenye nywele kama mtu anavyogaagaza samaki kwenye unga, wakavitundika tena. Glavu zilikuwa chache. Komora alifanya kazi mikono mitupu, akiruka ruka kama mtu anayekanyaga makaa.

"Bwana mkuu anacheza ngoma ya kwao!" alisema Nthenya.

"Mama, kwetu anayecheza hivi hupelekwa hospitali!"

Walikuwa hawajafikia nusu ya banda wakati tone la kwanza lilipogonga paa. Mikono ilikwenda mbio zaidi. Mvua ikashuka ya kweli, ya kufunga mlima, na chini ya kelele yake watu walisugua, walijikuna, walitukanana kwa mapenzi, na kazi ikasonga mbele. Ilipokatika, kifukofuko cha mwisho kilikuwa kimetundikwa, na jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya ukingo wa dunia.

Kisha Syokau aliuliza jambo aliloliahirisha tangu mchana. "Wa kwanza wataliwa?"

"Ndiyo," alisema Muthengi. Hakujua kulainisha. "Popo hawajui bado. Lazima wale ili wajue. Leo tutapoteza wengi."

Dada yake alisimama mbele ya mlango wa banda. Angeweza kuuacha umefungwa. Nondo wangetoka wakabaki ndani ya nyavu, salama, wangepandana wakitambaa ukutani, na mayai yangepatikana. Mwaka huu. Na mwaka ujao? Angewafungia tena, na tena, mpaka mlima usiwe na nondo hata mmoja anayejua kuruka, na yeye awe mlinzi wa gereza la watoto wa mama yake.

"Madume ndiyo hutangulia kutoka," alisema hatimaye.

"Siku zote," alisema Nthenya. "Kwa mara ya kwanza wanaume watatufaa."

Syokau akafungua mlango.

*

Walitoka na giza jepesi. Vifukofuko vilitikisika, vikapasuka juu, na kila kimoja kikatoa kitu kilicholowa, kilichokunjamana, kilichojikokota katikati ya nywele na kuning'inia kikikunjua mabawa. Madume wakaanza kutetemeka, wakapasha moto miili yao, wakaruka. Vumbi la nywele liliwazunguka kama moshi mwembamba.

Ukelele wa popo hausikiki, lakini Muthengi alikuwa na kidude sikioni kinachoushusha mpaka mtu ausikie. Aliwasikia kabla ya kuwaona: ta, ta, ta, kisha tatatata walipokaza. Wakapita juu ya migunga kama majani yaliyopeperushwa, mamia. Dume la kwanza lilichukuliwa palepale juu ya kichwa cha Syokau. Hakufumba macho. La pili. La tatu. Vipande vya mabawa vilishuka juu ya nywele zake, na akaviacha vikae.

Kisha popo mmoja akayumba. Akapiga duara baya, akatikisa kinywa, akagonga tawi, akaanguka. Mwingine akaanguka juu ya banda. Mwingine miguuni pa Komora, ambaye alimtazama popo wa serikali akifurukuta kwenye matope na kusema, "Pole, kijana. Mimi pia zinaniwasha."

Mpaka popo walipoitwa kiotani, ardhi ilikuwa imetapakaa popo waliokwama na mabawa ya kahawia, na hakuna aliyejua ni upande gani umeshinda. Waliobaki waliweza kuruka, lakini hakuna aliyekuwa na wavu msafi. Alfajiri Muthengi na Komora walisimama mbele ya kiota wakisikiliza mashine zikinong'onezana. Popo husikiliza chakula cha jana zaidi ya cha mwaka jana, hilo Muthengi alilijua, na ndilo alilokuwa amelitegemea. Lakini kulijua jambo na kulingoja ni vitu viwili.

Jioni iliyofuata majike yakatoka.

Mlima wote ulikuwa umekuja kutazama. Watu wa kituo, wazee, wachungaji, hata watu waliokuwa wakiwacheka akina mama kwa kufuga wadudu. Jike la nondo wa hariri ni kubwa na zito, limejaa mayai, na huruka polepole kama mtu aliyebeba maji kichwani. La kwanza lilitoka mlangoni mwa banda, likapanda juu ya watu, likaelekea mti wa mama, ambako madume yaliyosalimika yalikuwa yakilisubiri.

Ta, ta, ta, alisikia Muthengi. Popo walikuwa wanashuka.

Popo wa mbele alikuja moja kwa moja. Sauti ikakaza, tatatata, na Muthengi akamshika dada yake mkono bila kujua. Popo akafika kiasi cha shubiri moja kutoka kwa nondo. Na akainama. Akapinda kando, kama mtu aliyekaribia kukanyaga mwiba, akapita. Wa pili akapinda. Kundi lote lilipasuka sehemu mbili kulizunguka jike lile, kama mto unavyogawanyika kwenye jabali, likaungana tena upande wa pili, na hapo hapo likapiga mbizi vichakani na kuanza kuwachukua nondo wa kijivu, mmoja baada ya mwingine, bila kukosa.

"Wanakula wale!" alipiga kelele Komora. "Wale wa kijivu! Wanakula wale tu!" Alikuwa tayari na simu sikioni, anampigia mama yake kule Tana, anamwambia mahindi yake yako salama, anamwambia maneno mengine ambayo hakuna aliyeyasikia, kwa sababu vigelegele vilikuwa vimeanza. Nthenya aliongoza, na wengine wakadaka, na majike yakazidi kutoka, kumi, mia, yakapanda katikati ya popo kama wenye njia. Hakuna lililoguswa.

Syokau alikuwa bado ameshikwa mkono. Akauangalia mkono wa ndugu yake, uliovimba, juu ya wake, uliovimba vilevile.

"Lile sanduku lako," alisema. "Ningelitundika lile, leo tungekuwa tumekaa hapa tunaogopa uongo wetu usigundulike."

"Umeshatubu?"

"Usinizidishie. Nikune mgongo, hapo juu, katikati. Umenitesa siku mbili."

Muthengi akamkuna dada yake mgongo mbele ya watu wote, na wote wakacheka. Juu yao jike la kwanza lilikuwa limefika kwenye mti wa mama. Lilitua kwenye tawi, likakunja mabawa yake mazito, likaanza kutaga. Halikuwa na masikio. Halikuwasikia popo waliolikwepa, wala vigelegele vya mlima mzima vilivyopigwa kwa ajili yake. Liliendelea na kazi yake taratibu, yai baada ya yai, limevaa nguo zake.